Mfupa uliobeba kifua kikuu: kisa cha FiberCel, Marekani 2021

Mwezi Mei 2021, katika hospitali moja ya jimbo la Delaware nchini Marekani, ilibidi wagonjwa wa mgongo wahesabiwe upya. Walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili na kuruhusiwa kwenda nyumbani, kisha baadhi yao wakapata maambukizi. Kidonda cha upasuaji kutunga usaha si ajabu popote duniani. Ajabu ilikuwa kwenye hesabu: kati ya wagonjwa 23 waliowekewa bidhaa moja ya kupandikiza mfupa, 7 walikuwa na maambukizi, na 4 kati ya hao 7 vipimo vilionyesha kifua kikuu.

Kifua kikuu, lakini cha mgongoni, palepale kisu kilipopita.

Tarehe 2 Juni kampuni ya Aziyo Biologics, iliyotengeneza bidhaa hiyo kwa jina la FiberCel, ilitangaza kuiondoa sokoni. Toleo lenye tatizo lilikuwa na pakiti 154, zote zimetokana na mwili wa marehemu mmoja, na zilikuwa zimeshasambazwa kwenye majimbo 20. Pakiti 136 zilikuwa zimekwisha kuingia miilini mwa watu 113.

Vipandikizi vya mfupa huwa vinaelezwa kama bidhaa kwenye rafu: huu ni mfupa wako mwenyewe, huu wa marehemu, huu wa ng'ombe, hii ni chokaa ya kiwandani, chagua. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaficha bei. FiberCel iliuzwa kwa sifa moja kubwa, kwamba ni mfupa wenye seli hai ndani yake, na sifa hiyohiyo ndiyo iliyomfungulia mdudu mlango.

Pengo kati ya pingili

Tuanze mezani, kwa mpasuaji. Diski iliyochakaa imeondolewa. Mahali pake pamewekwa kizimba kidogo cha titani au plastiki ngumu, na nyuma yake zimepita skrubu na fimbo za chuma. Wagonjwa wengi, na ndugu zao, hudhani chuma ndicho kinachoponya. Chuma kinashikilia tu, kama mirunda inavyoshikilia zege la ghorofa mpaka likauke. Tofauti ni kwamba zege likimwagwa linakauka lenyewe, ilhali mfupa unaweza kukataa kuunga. Ukikataa, baada ya miezi au miaka chuma kinachoka: skrubu inalegea, au fimbo inakatika, na mgonjwa anarudi mezani.

Kwa hiyo lile pengo lazima lijazwe kitu kitakachogeuka kuwa mfupa. Jibu la zamani, ambalo bado ndilo kipimo cha mengine yote, ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Mpasuaji anachana ngozi juu ya ukingo wa nyonga, pale mtu anaposhika kiuno akikasirika, anabandua misuli, anafungua ganda gumu kwa patasi na nyundo, kisha anakwangua ndani kwa kijiko chenye makali. Kinachotoka ni mfupa laini wenye matundumatundu kama sifongo, umelowa damu na uboho. Ndani ya kijiko hicho yamo mambo matatu kwa pamoja. Kuna kiunzi ambacho mishipa midogo ya damu na mfupa mpya vitatambaa juu yake. Kuna kemikali za mwili zinazoita seli changa na kuziamuru ziwe za mfupa. Na kuna seli zenyewe, zikiwa hai, zinazoweza kuanza kazi. Mwili hauwezi kuukataa, maana ni wake, na hauji na ugonjwa ambao mgonjwa hakuwa nao.

Lakini kuna jeraha la pili. Waulize waliopitia: mara nyingi watakwambia nyonga iliuma kuliko sehemu iliyotibiwa. Na mfupa wa nyonga una kiasi chake. Kwa mtoto ni kidogo, kwa bibi wa miaka 75 ni mwepesi kama ganda la mkate mkavu, na kwa mtu anayerudi mara ya tatu huenda umekwisha kuchukuliwa.

Hapo ndipo biashara ya mbadala ilipozaliwa, na haikuanza jana. Mnamo 1880 daktari William Macewen wa Glasgow, Uskoti, alimjengea mvulana mfupa wa mkono wa juu ulioharibiwa na maambukizi kwa kutumia vipande vilivyokatwa kwenye miguu iliyopinda ya watoto wengine. Ulishika. Tangu hapo mfupa wa mtu mwingine umekuwa ukikusanywa, ukigandishwa, ukikaushwa, ukisagwa na kuhifadhiwa katika benki za mifupa. Uliokaushwa na kupigwa mionzi ni salama zaidi, ila umebaki kiunzi kitupu: seli zimekufa, na kemikali zake nyingi zimedhoofika.

Wakatafuta namna ya kurudisha zile kemikali. Mwaka 1965 Marshall Urist, daktari wa mifupa wa Marekani, alionyesha kwamba mfupa ukilowekwa kwenye asidi mpaka madini yake yatoke, kisha ukapandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, unaotesha mfupa mpya mahali ambapo hapakuwa na mfupa kabisa. Kutokana na ugunduzi huo tulipata unga na nyuzi za mfupa zilizoondolewa madini, na baadaye protini inayouamuru mwili uoteshe mfupa ikatengenezwa maabara. Mwaka 2002 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, iliiruhusu kwa upasuaji wa mgongo wa chini. Madaktari wakaipeleka hadi shingoni, ambako haikuwa imeruhusiwa, na mwaka 2008 FDA ilitoa onyo: tishu za shingo zilikuwa zikivimba kiasi cha kuziba njia ya hewa.

Upande mwingine kuna vya kiwandani: kalsiamu fosfeti, kalsiamu salfeti, vioo maalumu vinavyoshikana na mfupa. Havina ugonjwa wa mtu yeyote na vinakaa kabatini bila friza. Kalsiamu salfeti si kitu kigeni hata kidogo. Ni ndugu wa plasta ile ya kufungia mguu, na mwaka 1892 ilishatumika kujaza matundu ya mfupa. Kwa tundu dogo lililozungukwa na mfupa wenye afya, hivi vinatosha. Kwa pengo linalobeba uzito, vikiwa peke yake, sivyo.

Na uko wa ng'ombe, ambao wengi wetu tutakutana nao kwa daktari wa meno kabla ya kwingine kokote, akijaza taya ili apate pa kusimamishia jino bandia. Umechomwa na kusafishwa mpaka protini zote zimeondoka, yamebaki madini. Pwani kuna swali linaloulizwa kabla ya bei: ni mnyama gani? Ni swali la haki kabisa, kwa sababu baadhi ya bidhaa za namna hii hutoka kwa nguruwe, na daktari anatakiwa kuwa na jibu kabla hajafungua pakiti.

FiberCel ilikuja kusema inaweza kumaliza mabishano yote haya. Zilikuwa nyuzi za mfupa zilizoondolewa madini, zimechanganywa na punje za mfupa laini ambazo seli zake zimehifadhiwa hai kwenye ubaridi mkali. Inatolewa kwenye friza, inayeyushwa, inajazwa pengoni ikiwa imelowa, si mbali sana na machicha ya nazi. Kiunzi kipo, kemikali zipo, seli zipo, na nyonga ya mgonjwa haijaguswa.

Somo la 1985

Ukitaka kuelewa kosa lilikaa wapi, rudi miaka 36 nyuma. Mwaka 1985 kijana mmoja wa Marekani alifariki kwa risasi na viungo vyake vikatolewa kwa wahitaji. Alikuwa na VVU, lakini maambukizi yalikuwa mapya mno, na kipimo cha wakati ule kilisema hana. Uchunguzi uliochapishwa 1992 uliwatafuta waliopokea sehemu za mwili wake. Wanne waliopewa viungo wote waliambukizwa. Wanaofuatia ndio wa kutazamwa kwa makini: watatu waliopewa mfupa uliogandishwa tu, bila kusafishwa, nao waliambukizwa. Waliopewa tishu nyingine, zikiwemo tishu laini zilizokaushwa na mfupa uliopitishwa kwenye spiriti, waliopimwa walikuwa 34. Hakuna hata mmoja aliyekutwa na virusi.

Ni mtoaji yuleyule, damu ileile. Kilichotofautisha ni kile kilichofanywa kwa mfupa baada ya kuondoka mwilini.

Hakuna njia ya kusafisha mfupa inayoweza kuua virusi na bakteria wote ikaiacha seli ya mfupa salama. Mionzi haibagui. Spiriti haibagui. Joto halibagui. Ukitaka seli hai, unakubali kwamba chochote kingine kilicho hai humo nacho kitasalimika. Ubaridi, ambao watu wengi huuona kama kinga, ndio unaomtunza mdudu: maabara duniani kote huhifadhi bakteria wa kifua kikuu kwenye friza kwa makusudi, ili awe hai siku wakimhitaji.

Usalama wote, basi, unaning'inia kwenye kumchagua mtoaji. Marekani marehemu anayetoa tishu hupimwa VVU, homa ya ini B na C, kaswende, na virusi vingine kadhaa. Kifua kikuu hakikuwamo kwenye orodha ya lazima. Kumbukumbu za matibabu za marehemu huyu zilipopitiwa upya baada ya mlipuko, zilionekana ndani yake dalili na mazingira ya kifua kikuu ambayo yalikuwa yamepita bila kutiliwa shaka.

Mtu wa Mwanza au Kisumu anaweza kushangaa. Kwetu bango la kikohozi cha wiki mbili liko kwenye kila zahanati, na TB ya mgongo si msamiati wa vitabuni. Kwa wengi wa watu wenye kibiongo waliokuwa wakionekana mitaani zamani, kilianza utotoni namna hiyo: ugonjwa unakula pingili kwa mbele, pingili inaporomoka, mgongo unakunjika. Daktari wa huku akikuta usaha mgongoni usio na joto wala wekundu, TB iko kwenye mawazo yake matatu ya kwanza. Marekani, nchi ya watu zaidi ya milioni 300, hupata wagonjwa wa kifua kikuu kama 10,000 tu kwa mwaka, na daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona hata mmoja. Tena mdudu mwenyewe haoti kwenye kipimo cha kawaida cha usaha. Anataka chombo chake maalumu, na anaweza kuchukua wiki kadhaa kujitokeza. Siwacheki. Nasema tu kwamba ugonjwa usioutegemea unaweza kuusoma kwenye faili ukaupita kama jina la mtaa usiokuhusu.

Lakini hoja ya "hawakuwa na uzoefu" nayo naikubali nusu tu. Mwaka 1953 jarida la madaktari wa mifupa la Uingereza lilichapisha taarifa ya kifua kikuu kilichoambukizwa kupitia mfupa wa benki. Enzi hizo wagonjwa wa TB ya mapafu walikuwa wakikatwa mbavu kama tiba ya kulibana pafu, na mbavu hizo zikaonekana ni mali ya kutumika. Karibu miaka 70 kabla ya Delaware, njia hii ilikuwa imeshaandikwa.

Watu 113

Baada ya tangazo la Juni 2021, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, na idara za afya za majimbo ziliwasaka waliowekewa FiberCel ya toleo lile. Walipatikana wote 113, katika majimbo 18. Wanane walifariki baada ya upasuaji, na vifo vitatu kati ya hivyo vilihusishwa na kifua kikuu. Watu 87 walikuwa na ushahidi wa ugonjwa, ama wa maabara au wa picha. Hiyo ni zaidi ya robo tatu. TB ya hewani haifanyi hivyo: wengi wanaoivuta hawaugui maisha yao yote, kwa sababu kinga ya mwili inamfungia mdudu mapafuni. Hawa hawakuvuta kitu. Waliwekewa bakteria ndani kabisa ya pingili, pamoja na chakula chake na kiota chake, karibu na chuma ambacho kinga haikifikii vizuri. Bakteria aliota pia kwenye pakiti za toleo hilo ambazo hazikuwa zimetumika, na vinasaba vya bakteria waliotoka kwa wagonjwa wa majimbo mbalimbali vilifanana, kiasi kwamba ubishi wa chanzo uliishia hapo.

Uamuzi wa matibabu ulikuwa mzito, na nauona ulikuwa sahihi: kila aliyewekewa atibiwe kama mgonjwa wa TB, bila kungoja usaha. Kati ya 105 waliokuwa hai, 104 walianza dawa. TB ya mfupa mara nyingi haimalizwi kwa miezi sita kama ya mapafu. Watu hupewa dawa miezi tisa hadi kumi na miwili, na zaidi ikibidi. Wengi walirudi chumba cha upasuaji kukwanguliwa kile walichowekewa. Fikiria kazi hiyo. Nyuzi za mfupa zilizojazwa kati ya pingili hazitoki kama jiwe. Zimeshaanza kushikana, ziko pembeni ya mishipa ya fahamu, na chuma kinachozishikilia ndicho kinachozuia mgongo usianguke. Ukiking'oa, mgongo hauna mhimili. Ukikiacha, umebakiza mahali pa bakteria kujibanza.

Kulikuwa na wahanga ambao hawakulala mezani. Kukwangua na kuosha kidonda kwa maji ya msukumo kunarusha matone hewani, na wahudumu walioshiriki kabla TB haijajulikana hawakuwa wamevaa barakoa za kuzuia mdudu huyo. Wafanyakazi wa hospitali zilizohusika ilibidi nao wapimwe, na baadhi yao walikutwa wameambukizwa.

Mwaka 2023 ikatokea tena. Kampuni ileile, bidhaa ya aina ileile yenye seli hai, marehemu mwingine. Safari hii watu 36 walikuwa wamewekewa, katika upasuaji wa mgongo na wa meno, na wawili walifariki kwa kifua kikuu. Linalouma ni kwamba toleo hili lilikuwa limepimwa TB kwa kipimo cha vinasaba kabla ya kuuzwa, na majibu yalisema hakuna. Kipimo hicho ni kizuri kwa makohozi. Kwa ndoo ya mfupa uliosagwa, ambamo bakteria wachache wamejificha kwenye punje mojamoja, unachopima ni kile kijiko ulichochota. Ni kama kupepeta debe la mchele kwa kuangalia kiganja kimoja: usipoona jiwe, hujasema lolote juu ya debe.

Je, seli zile hai zilistahili hatari hii? Marekani bidhaa za namna hii huhesabiwa kama tishu ya binadamu, wala si dawa, hivyo huingia sokoni bila mtengenezaji kulazimika kuthibitisha kwa majaribio kwamba zinafanya kazi kuliko nyingine. Ushahidi kwamba seli zilizogandishwa, zikayeyushwa, zikajazwa mahali pasipo na damu ya kutosha, zinaishi na kujenga mfupa kuliko kiunzi kitupu kilichochanganywa na uboho wa mgonjwa, ulikuwa hafifu. Kwa mtu mwenye nyonga nzima na pengo la pingili moja, mimi ningeitetea patasi. Maumivu ya nyonga yanapungua kwa muda. Kwa mtu ambaye nyonga zake zimekwisha, ningetaka mfupa wa marehemu uliokaushwa na kupigwa mionzi, mfu kabisa, kisha mgonjwa achangie uboho wake kwa sindano.

Hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazina friza iliyojaa bidhaa za seli hai, na nyonga ya mgonjwa ndiyo benki. Dereva wa bodaboda ambaye mfupa wa muundi haujaunga miezi tisa baada ya ajali anapelekwa mezani akiwa na alama mbili za kalamu, moja mguuni na moja kiunoni. Uchumi ndio ulioamua hivyo, wala si hekima, lakini kwa upande huu umetukinga. Pengo likiwa refu ndipo unapoona upungufu: sentimita nyingi za mfupa zimeondoka na nyonga mbili hazitoshi.

Benki ya mifupa ikianzishwa huku, swali la TB haliwezi kuwa la tano kwenye fomu. Na si lazima mtoaji awe marehemu. Ulaya benki nyingi za hospitali hutegemea watu hai: mzee anabadilishiwa nyonga, kichwa cha mfupa wa paja kinakatwa, na badala ya kutupwa kinahifadhiwa. Kuna utaratibu uliobuniwa Ujerumani wa kukipasha joto la nyuzi 82.5 ndani ya chombo kilichofungwa, joto linaloua bakteria na virusi vinavyoogopewa lakini linaloacha mfupa na nguvu zake za kubeba. Seli zinakufa, ndiyo. Kinabaki kiunzi kizuri, kutoka kwa mtu ambaye baada ya miezi sita unaweza kumpigia simu aje apimwe tena kabla mfupa wake haujatoka kwenye friza.

Kwetu vichwa hivyo vya paja, kila nyonga inapobadilishwa, huenda kwenye ndoo ya taka za kuchomwa. Mwenyewe yuko wodini, anakunywa uji, na hakuna aliyemwuliza kama ana kikohozi.